Jina la Kumi na Tisa

Jumatatu, tarehe 9 Machi. Asubuhi mawingu mazito, upepo kidogo, mvua haikunyesha.

Mshauri wetu mpendwa, nakuomba unisaidie kabla ya Jumapili saa nne asubuhi, maana nimefika mwisho wa akili zangu. Mimi ni karani wa masjala, na mimi na mume wangu tunaishi na mama mkwe ambaye haoni. Kwa miaka tisa mimi na mama tumefuatilia tamthilia ya watu wanaoishi ndani ya chombo cha anga wakitafuta sayari ya kutua, inazungumzwa kwa lugha asiyoijua, basi mimi hukaa ubavuni pake nikimtafsiria sentensi kwa sentensi, na tukimaliza naandika katika shajara yangu tarehe na yaliyotokea.

Kati ya wote alimpenda fundi wa mitambo, aliyezoea kuitukana injini huku akiipapasa. Jina lake halisi mama alilijua, ila alimwita Fundi tu, kwa sababu baba mkwe alikuwa fundi wa majokofu na tabia yake ilikuwa hiyo hiyo. Mwaka wa pili baba mkwe alifariki, na siku kumi na mbili baada ya mazishi, Fundi naye akafa kwenye tamthilia. Jioni hiyo mama alikuwa amecheka kwa mara ya kwanza tangu msiba. Mdomo ulinikatalia. Nikasema Fundi kapona.

Toka hapo nimembeba miaka saba. Mpishi wa chombo ana sauti nzito kama yake, nikampa Fundi nusu ya maneno ya mpishi, mengine nikayatunga mwenyewe na kuyaandika ili nisije nikajipinga. Mama akawa anasema huyu Fundi siku hizi ana busara, nami naona haya na kufurahi kwa pamoja.

Jana alasiri ikaonyeshwa sehemu ya mwisho. Chombo kimetua, nahodha amesimama nyasini anasoma majina ya waliokufa njiani, na kila jina linafuatwa na kengele. Nilijua la Fundi linakuja, na lilipofika nikajifanya nakohoa kwa nguvu ili asilisikie. Kumbe mama alikuwa akihesabu kwa vifundo vya vidole.

"Kengele zimelia kumi na tisa," akasema. "Wewe umenitajia majina kumi na nane. Umemruka nani?"

Nikamwambia labda moja imegongwa kwa bahati mbaya. Wimbo wa mwisho ulipoisha akasema Jumapili wanarudia, na safari hii niwataje wote. Akaenda chumbani kwake akipapasa ukuta, mkono wangu hakuutaka.

Mume wangu anaona nakuza mambo, ati nitunge jina lolote, nani atakwenda kuhakiki huko angani? Lakini mimi ndiye ninayemsomea mama barua za dada yake na maelezo ya dawa zake. Nikikiri, atajiuliza ni mangapi mengine nimemsomea hivyo. Nitunge jina, au nimuue Fundi? Jana nilipata usingizi saa nane kasoro robo usiku.

Karani

JIBU

Karani, nakuonea huruma kwa ile siku ya kwanza. Mjane wa siku chache humpi msiba wa pili juu ya ule wa kwanza. Lakini hiyo ilikuwa siku moja. Zilizobaki ulikuwa unajifurahisha, na ile sifa ya busara uliipenda. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yako imefika miaka saba kwa sababu umeikarabati kila wiki.

Mumeo mwambie apumzike. Mtu aliyehesabu kengele hapewi jina la kutunga. Wala usijiliwaze kwamba huenda alijua siku zote akakunyamazia. Hilo ni la kutamani, si la kutegemea. Wewe ndiye macho yake, mwanangu, na macho yakishadanganya mtu hajui tena pa kuweka mguu.

Usingoje Jumapili. Leo ukitoka kazini, zima televisheni, kaa ubavuni pake, useme: Fundi alikufa, tarehe fulani, mimi nikaficha. Usianze na "nilitaka kukulinda", huko ni kujitetea. Akiuliza habari za barua na dawa, usiape. Mwombe amwite mtu anayemwamini azisome zote upya, nawe usiwepo. Kama hukuongeza neno, zenyewe zitakusemea.

Atakasirika, mwache akasirike. Atalia, na pengine hatamlilia Fundi peke yake. Hapo funga mdomo kabisa. Na Jumapili, akitaka mtu mwingine amtafsirie, mpishe kiti, wala usisimame mlangoni kusikiliza.