Maelezo ya Mama Kutu Kuhusu Mlango wa Gari la Mikate

MAELEZO YA SHAHIDI
Yameandikwa kituoni tarehe 13 mwezi wa nne, kuanzia saa nne na dakika kumi asubuhi.
Shahidi: mwanamke, anajulikana kwa jina la Mama Kutu. Umri: miaka 48. Kazi: fundi wa milango ya magari. Makazi: nyumba za nyuma ya soko la mbao.

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Kazi yangu ni bawaba za magari: zilizoganda, zilizopinda, zinazopiga kelele. Nina miaka ishirini na miwili kwenye kazi hii na sijawahi kurudishiwa mlango. Afande aulize gereji yoyote.

Dereva wa gari la mikate mliyemweka ndani ni shemeji yangu, amemuoa mdogo wangu. Nalisema mapema, mtu asije akadhani nimelificha.

Mnamo tarehe 8, saa tatu asubuhi, mwenye kiwanda cha mikate aliniletea gari lake. Mlango wa nyuma ulikuwa unafunguka kiasi cha kupitisha mkono tu, mikate wanaitolea mlango wa ubavuni. Akasema, "Mafundi wawili wamenyoosha mikono. Sijui kama wewe mama utaweza." Nikamwambia aache gari, arudi kesho yake saa kumi jioni. Ile "wewe mama" ilinichoma, lakini sikumwonyesha.

Nilisugua bawaba zote tatu kwa brashi ya waya, nikazimiminia mafuta ya kulegeza kutu, nikaziacha zinywe. Tarehe 9 asubuhi nikaanza kugonga pini kwa nyundo ndogo, taratibu, huku nausukuma mlango mbele na nyuma, kidogo kidogo. Bawaba hailazimishwi. Ukiivuta kwa hasira pini inapinda, na hapo umeshajiharibia. Saa nane mchana mlango ulifunguka hadi mwisho. Nikafuta uchafu, nikapaka grisi, nikaufungua na kuufunga mara hamsini. Bosi huyo wa mikate alipokuja nilimfungulia kwa kidole kimoja mbele ya gereji nzima, nikapigiwa makofi. Shemeji, ambaye ndiye aliyekuja kulichukua gari, akasema, "Shemeji, huu sasa ni mlango wa jokofu jipya!" Kusema kweli nilijisikia raha sana.

Mnamo tarehe 12, saa tano asubuhi, mdogo wangu alifika gereji analia. Alisema mlango umeng'oka wakati wanashusha mikate dukani, umemvunja mguu mpakuzi, na mumewe amekamatwa. "Bosi anasema eti aliupiga mtaimbo. Dada, mtaimbo wenyewe hatuna!" Nikamwambia, "Nyamaza. Mlango ule naujua mimi."

Leo saa tatu asubuhi, afande huyu akiwepo, nimelikagua gari kwenye uwanja wa kituo. Shemeji hakutumia mtaimbo. Pembe za mlango hazijabonyea, rangi ya ukingoni haijachubuka, na pini zangu zote tatu zimenyooka. Halafu, mtaimbo wa nini kwa mlango unaofunguka kwa kidole? Hilo naliapia mbele ya hakimu yeyote, na bosi akiwa amekaa pale pale ananitazama.

Kilichochanika ni bati la bodi, pale bawaba ya juu ilipofungwa. Juu rangi inang'aa, chini limeliwa na kutu. Nimelitoboa kwa ukucha. Mlango ulipokuwa umeganda haukuwahi kufunguka ukaning'inia, kwa hiyo bati lile halikuelemewa. Nilipoulegeza, uzito wote ukahamia hapo. Limestahimili siku tatu, likachanika.

Kabla ya kulegeza bawaba, fundi anachokoa kwa bisbisi bati linaloishika, aone kama ni zima. Ni kazi ya dakika mbili. Nimegombana na mafundi wenzangu wanaoiruka, tena kwa maneno makali. Tarehe 8 sikupata nafasi ya kuchokoa.

Afande ameniambia nifikirie kabla sijaendelea, maana naweza kuingia ndani mimi. Nimeshafikiri. Andika, baba. Shemeji alifungua mlango tu, kazi yake ya kila siku. Aachiwe leo hii, arudi kwa mke wake. Huyo mpakuzi simjui hata kwa sura, lakini tangu jana nauwaza mguu wake.

Hayo ndiyo niliyoyaona kwa macho yangu na kuyashika kwa mikono yangu. Sina la kupunguza.

Sahihi ya shahidi: (ametia)

Maelezo ya afisa mwandishi: Nimemsomea shahidi maelezo haya na ameyakubali kuwa ni yake, isipokuwa mahali pamoja. Maneno "sikupata nafasi ya kuchokoa" niliyaandika mimi. Shahidi amesema nafasi alikuwa nayo siku mbili nzima, ila haraka yake ilikuwa kumziba bosi mdomo. Ameomba kalamu, ameyakata maneno hayo, na juu yake ameandika kwa mkono wake: "Sikuchokoa."