Laini si Hafifu

Dundori, 3 Machi 2025

Kwa shangazi yangu, Tata Tabby,

Hujambo huko Njoro? Kikohozi kimeisha? Shosho anakusalimu, mgongo wa bikizee wetu umetulia.

Tangu nimalize shule sijapewa kazi kubwa kama hii yako. Grafu zote sitini za shimo lako jeusi nimezimaliza. Nikiwaza kwamba liko galaksi nyingine, linameza gesi ya nyota jirani na kutoa eksirei, naogopa hata kushika karatasi. Kila grafu nimeiandika "kali" au "laini" kama ulivyoagiza. Bahasha anayo Mburu, analeta viazi huko.

Mpwa wako,
Wamaitha

Njoro, 7 Machi

Wamaitha wangu,

Sasa msomi? Kikohozi kimeenda. Keti kwanza.

Kwa kazi yako, kila mara shimo likififia linakuwa laini, likiwaka linakuwa kali. Mara sitini bila kukosa! Vitabu vinasema linaweza kuwaka kuliko jua milioni na bado eksirei zake ziwe laini, yaani za nishati ndogo, mstari uegemee kushoto. Lako limekataa. Daktari Chesang, msimamizi wangu, alivua miwani akanishika mkono. Tarehe 21 natetea tasnifu, na hili ndilo nitakalosimama nalo.

Tata yako,
Tabby

Dundori, 10 Machi

Tata,

Natumaini u mzima.

Usisimame nalo. Nilidhani laini ni hafifu. Mstari ukiwa chini niliandika laini, ukiwa juu niliandika kali. Sikuangalia umeegemea wapi. Uliponifundisha sikuelewa, nikaona haya kuuliza. Si shimo linalofanya hivyo, Tata. Ni mimi.

Watakufukuza?

Mpwa wako,
Wamaitha

Dundori, 17 Machi

Tata,

Shosho anauliza mbona umenyamaza. Nimemwambia una kazi. Mburu anaapa alikupa barua mkononi Jumanne. Siku iliyofuata nilikupigia, ukasema, "Niaje msomi, leta habari," nami nikasema nakusalimia tu. Zimebaki siku nne. Gari likipunguza mwendo hapo langoni, nakimbia kuangalia kama ni Mburu.

Tafadhali andika, hata kama ni matusi.

Mpwa wako, kama bado,
Wamaitha

Njoro, 22 Machi

Wamaitha,

Wote wazima? Mimi nimelala vizuri mara moja wiki hii.

Uliponipigia, barua yako ilikuwa mapajani pangu. Nilingoja useme. Hukusema, nikakasirika, na hasira ikanizuia kuandika. Lakini mimi pia nilifurahi mno hata nisifungue grafu moja kuhakikisha. Hilo ni langu.

Jana sikutetea chochote. Nilikuwa nimemwambia Chesang mapema. Alisema, "Afadhali unililie mimi kuliko kulilia jopo." Nimepewa hadi Agosti, na Agosti naiogopa.

Mburu anakuletea grafu zote sitini. Nimefuta alama zako. Tumia penseli. Ukikwama, usiandike barua. Piga simu, na nikipokea, sema.

Bado tata yako,
Tabby