Nililala Kaburini Mwako, Mtani

Mtani wangu Maganga,

Tangu ufe, gazeti naliendesha mimi. Mimi Chedego, niliyeacha shule darasa la nne nikafuata ng'ombe. Waandishi wenzako wananisubiri asubuhi niwaambie kipi kitoke ukurasa wa kwanza.

Haya, cheka. Uongo mtupu. Bado nauza magazeti kwenye meza yangu ile ile, Kizota, na anayenisubiri asubuhi ni vumbi. Lakini ukurasa wa tisa ni wangu kweli. Huo sikudanganyi.

Siku ya kukuzika alikuja mwenye gazeti kutoka Dar es Salaam, kiatu kinaogopa udongo wetu. Akakusifu mpaka nikatamani kuchungulia jenezani nihakikishe ni wewe. Eti ulikuwa kalamu ya wanyonge! Na ndiye aliyeikalia habari yako ya mwisho, ya wajane wa Nzuguni waliopimiwa viwanja ndani ya mizabibu yao bila hata hodi. Ulinisomea mezani pangu, ukasema, "Haitoki, mtani. Aliyechukua mashamba ndiye anayetupa matangazo."

Basi nikafanya kazi yangu. Wazee wetu Wagogo na wenu Wanyamwezi walishamaliza: penye msiba, mtani ana neno. Nikashuka kaburini na magoti haya unayoyajua, nikajilaza chali. "Mnyamwezi huyu mbishi hazikwi! Nyumba hii ina mpangaji!" Watu wakacheka huku wanalia. Mwenye gazeti, kumbe naye anajua mila kwamba mtani hatoki kaburini bure, akanirushia noti. Nikamrudishia. "Sitaki hela, bosi. Nataka habari yake itoke. La sivyo, fukieni wawili." Padre akakohoa. Jua likachoma. Mkeo akamkazia macho yule bwana. Bwana akaapa: itatoka. Ndipo wakanivuta juu kama gunia la uwele.

Ikatoka, mtani. Ukurasa wa tisa, chini kabisa, imekatwa mkia, na ubavuni mwake tangazo la viwanja la yule yule aliyechukua mashamba! Walidhani hakuna atakayefika huko.

Siku ile nikayakunja magazeti yote, ukurasa wa tisa juu. Moja nimelibandika kwenye ubao kando ya meza kwa uji mzito, na likichanika nabandika jingine. Wale wasomaji wa bure, wanaosoma wamesimama mikono nyuma, niliokuwa nawafukuza kwa maneno ambayo hata wewe usingeyachapa, siku hizi nimewawekea benchi. Wajane nao walikuja. Mmoja hajui kusoma. Akauliza jina lako liko wapi, akaliwekea kiganja. Nami nikageuka, nikajifanya napanga magazeti ambayo yalikuwa yamepangwa tayari.

Watu wa gazeti wakanipigia simu kutoka Dar. "Mzee, shikamoo, unatuharibia ukurasa wa mbele. Tutakunyima mzigo." Marahaba, nyimeni. Ubao wangu, uji wangu.

Juzi wapimaji walirudi Nzuguni na bikoni zao za kuweka mipaka. Wakakuta wajane wamekaa katikati ya mizabibu, kila mmoja na ukurasa wa tisa mapajani. Wakapanda gari, wakaondoka na bikoni zao. Watarudi, najua. Warudi. Watatukuta.

Lala sasa, mbishi wewe. Ubao siung'oi mpaka kila mjane akate zabibu zake shambani mwake. Nimesema.

Ila una deni langu. Mimi nimelala kaburini mwako; mwangu atalala nani? Kazi hiyo ilikuwa yako, ukatangulia kwa kiherehere chako. Basi mtokee binti yako ndotoni, umwambie siku yangu ikifika aje anitukane vizuri, kwa sauti, wala asiwaruhusu wanizike kirahisi.