Mfuko wa Kulalia wa Baba Yako

Nyumba ya Uani,
Karakana ya Mifarishi na Mito,
S.L.P. 41.
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa mwanangu Kidomo,

Salamu nyingi kutoka kwa shangazi yako. U hali gani huko, na kile kikohozi kimekuacha? Sisi tu wazima. Goti langu linanisumbua nikipanda ngazi, lakini mdomo haujambo, na kwa mtu anayekula kwa kugombana magazetini, hilo ndilo muhimu. Bibi yako macho yamepungua, mikono bado inashona.

Barua yako imefika. Unasema kiangazi hiki mtatembea milimani na wenzako, na unataka nikutumie mfuko wa kulalia wa baba yako, kwa kuwa ni mwepesi na ukikunjwa unaingia mkobani bila taabu. Nitakujibu, ila kwanza niache nigombane kidogo.

Wenye maduka wamejifunza kudanganya kwa tarakimu. Nilikwenda kukutafutia mpya, muuzaji akanionyesha kibandiko cha nyuzijoto, yaani baridi ambayo mfuko unaihimili. Nikamuuliza, "Hii ni baridi ya kulala usingizi, au ni ya kutokufa tu?" Akacheka. "Mama, kiangazi hiki nani afe kwa baridi?" Nikamwambia kaka yangu alikufa hivyo hivyo. Hakucheka tena.

Unajua ilivyokuwa. Katikati ya kiangazi, mvua ya mlimani, mfuko umelowa. Manyoya ya bata ni mepesi na matamu yakiwa makavu. Yakilowa hushikana mabonge, na hapo hayampi joto hata paka.

Mfuko ule baba yako alishonewa na babu yako hapa karakanani. Alimlaza juu ya kitambaa, kwa ubavu, magoti yamekunjwa kama alivyozoea kulala, akamchora kwa chaki, kama tunavyomfanyia kila mteja wa mfarishi. Akaongeza upana kidogo, kwa sababu wewe ulikuwa na tabia ya kujipenyeza ubavuni mwake.

Mfuko uliporudishwa kutoka mlimani tulifanya kosa ambalo hata mwanafunzi wa kazi hii angechapwa kwalo. Tuliukausha, tukausindilia kwenye kifuko chake, tukakaza kamba, ukakaa kabatini miaka yote hii. Manyoya yakibanwa hivyo hufa. Tulijua. Hakuna aliyetaka kuuona umetuna.

Jumatatu niliufungua, ili nikuandikie kwa ushahidi kwamba haufai. Nilitarajia kitu kilichosinyaa. Nikautandaza juu ya meza ya kukatia, nikaenda kuchemsha chai. Niliporudi ulikuwa umetuna, lakini si wote. Bega. Nyonga. Magoti yaliyokunjwa. Kwingine kote, bapa.

Unanijua. Nimewajibu waganga na watabiri kwa maandishi hadi wakaniombea mabaya. Nikasema ni manyoya tu yamejikusanya. Nikayapiga kwa fimbo ya karakana, nikayatawanya, nikauacha bapa kama shuka. Kesho yake asubuhi: bega, nyonga, magoti. Nikaingiza mkono. Mle ndani mlikuwa na baridi ya maji ya kisima, na nje mafundi wanashona vifua wazi kwa joto.

Mume wangu akapata la kusema. "Aliyewashinda waganga wote leo anaogopa mfarishi." Nikamwambia aingize mkono. Aliuingiza, akautoa, akaenda kunawa. Tangu hapo hajanitania, na huyo ni mtu aliyenitania hata siku ya harusi yetu.

Bibi yako alipita mezani akapapasa lile bega, kama anavyopapasa kila kazi kabla haijatoka. Akasema taratibu, "Huyu bado anasikia baridi." Akaomba blanketi. Mimi, na hoja zangu zote, nikaenda kulileta.

Leo asubuhi blanketi lilikuwa palepale. Chini yake alikuwa amejisogeza. Bega liko ukingoni kabisa, na ubavuni pamebaki nafasi, kama ile aliyokuwa akikuachia ulipokuwa mdogo.

Kwa hiyo sikutumii. Nimekununulia mwingine, wa nyuzi za kiwandani. Ni mzito kidogo kuliko wa baba yako, na ukikunjwa unalingana na mkate mkubwa, lakini ukilowa bado unatunza joto. Muuzaji alinisukumia mwepesi zaidi, nikamkatalia. Ukiupata, lala ndani yake sakafuni, dirisha wazi, kabla hujaubeba kwenda popote. Ukirudi safari uutundike. Usiusindilie.

Na kule mlimani, lala katikati ya mfuko wako. Ukisikia sauti unayoipenda ikikuambia ingia, nafasi ipo, ijibu kwa adabu kwamba una wako.

Bibi anakusalimu, anakushonea kofia ya kulalia. Mume wangu anakusalimu, na mafundi wote pia. Siku hizi wanakatia vitambaa sakafuni, na hakuna aliyewaambia wafanye hivyo. Meza tumemwachia.

Mungu akutangulie kila unapokanyaga, akurudishe ukiwa na joto mwilini.

Ni mimi shangazi yako, nikupendaye hata ninapofoka.