Kidole cha Bibi na Mdudu Mwenye Pembe

Babati mjini

Mke wangu Bibi, shikamoo. Najua Marselina ndiye anakusomea, mwambie asicheke.

Nimefika salama, nimekula kambare wa ziwani mkubwa kuliko wivu wako, kisha nikampelekea bwana shamba ile picha ya mdudu wa kwenye mibuni ya marehemu babu. Akafungua kitabu chake cha picha, akakuna kichwa. Akasema wako wawili wenye pembe ndefu namna ile, wanafanana kama mapacha. Mdogo hutoboa mbuni ulio hai, na dawa yake ni kuukata na kuuchoma. Mkubwa hula kuni kavu tu. Ila picha haisemi ukubwa.

Mara akauliza, "Hiki kidole gumba kilichomshika ni cha nani?"

"Cha mke wangu."

Akanitazama kwa huruma. "Kijana, mkeo unamlimisha nini?"

Nikacheka, nikamweleza, nikamwonyesha changu, maana umenirithisha kidole kinene kama mchi. Akakipima kwa rula, akakilinganisha na chako pichani, akajua ukubwa wa mdudu hapo hapo. Ni yule mkubwa.

Basi mjomba arudishe shoka ndani, mibuni ya babu haikatwi. Aondoe tu zile kuni alizorundika shinani.

Asante sana Bibi kwa kumshika mdudu mwenyewe, wakati mimi nilikuwa, tuseme, na shughuli nyuma ya nyumba.

Sabuni huku ni ya foleni, lakini mumeo mjanja, nimepata mche mmoja. Usimgawie mtu kabla hujaosha hicho kidole.

Mumeo mdogo,
Pasko