Mawe ya Chini ya Madirisha

Jumanne. Mvua ya rasharasha tangu alfajiri, na vumbi la Nakuru limetulia kwa mara ya kwanza mwezi huu.

Naomba radhi kwa kimya kirefu. Waliouliza kama nimefariki wamejibiwa. Sikuwa mgonjwa. Sikuwa na jambo la kusema, na asiye na la kusema heri anyamaze.

Sasa ninalo.

Jengo la ile benki ya zamani, lile la mawe ya kuchonga lililo kwenye kona karibu na stesheni, limepata mwenyewe mpya. Benki ilihama kitambo. Mwenye jengo anataka kupiga plasta sehemu ya chini ya ukuta, kutoka ardhini hadi kwenye madirisha, kwa sababu mawe ya huko yanabanduka kwa unyevu. Huko juu hataki kugusa. Kamati ya mji inayoshughulikia majengo ya kale itaamua Alhamisi. Wameniita nikaseme ninachojua, kwa kuwa baba yangu alikuwa fundi wa mawe pale katikati ya miaka ya hamsini.

Nyumbani jambo hilo halikuwahi kujadiliwa. Benki ilijengwa na baba.

Sipendi kutoa ushahidi wa jambo nililolisikia tu, kwa hiyo leo asubuhi nilikwenda kuutazama ukuta. Niliandamana na jirani yangu, Mama Njeri, ambaye kwa miaka yote ya ujirani wetu ameshikilia kwamba benki hiyohiyo ilijengwa na baba yake, mzee Kamau. Tumelibishania hilo kwenye matanga, kwenye harusi na kwenye foleni ya maji.

Jukwaa la mbao lilikuwa limekwisha kusimamishwa. Msimamizi wa mafundi akatupigia kelele kutoka juu.

"Mzee, mathe, chungeni vichwa. Hii ukuta ni mzee kuliko nyinyi."

"Kuliko mimi," Mama Njeri akamjibu. "Huyu Mwalimu sina hakika."

Hata ile 'hii ukuta' ya msimamizi sikuisahihisha. Nilikuwa nimekwisha kuona kitu.

Chini ya madirisha, kila jiwe lina mistari ya patasi iliyolala upande mmoja, kama mvua inayosukumwa na upepo. Juu ya hapo hakuna mstari hata mmoja. Kuna vishimo tu, vingi, kama mahali kuku walipodonoa. Badiliko hilo linafuata mstari mmoja kulizunguka jengo zima.

Vishimo hivyo ninavifahamu. Mafundi wa enzi hizo walikuwa na desturi ya kuchukua jiwe lililovunjika pembe na kwenda kuliweka kizingitini kwao. La baba liko kwetu Maragoli hadi leo. Tukiwa watoto tulilikalia tukipukuchua maharagwe, tukainuka na alama za vishimo mapajani.

Mama Njeri aliinama akaweka kiganja kwenye mistari.

"Mistari hii ndiyo ya jiwe la kizingitini kwetu kule Bahati," alisema. "Tuliporudi, nyumba haikuwapo. Jiwe lilikuwapo."

Ndipo nilipomwuliza jambo ambalo katika ubishi wetu wote sikuwahi kumwuliza. Je, baba yake aliimaliza kazi ile?

"Angeimalizaje, Mwalimu? Walimchukua akiwa kazini."

Ilikuwa Hali ya Hatari iliyotangazwa na wakoloni. Lori lilisimama hapo kwenye kona, mafundi wa Kikuyu wakapakiwa na kurudishwa rizavu, maeneo waliyotengewa Wakikuyu, pamoja na familia zao. Ukuta ukabaki umefika kwenye madirisha, mvua ikinyesha ndani, hadi mjenzi alipotafuta mafundi wengine. Baba yangu, aliyekuwa akichonga mawe ya madaraja ya reli, akaitwa.

"Kwa hivyo wako yuko juu," Mama Njeri akasema. "Plasta haimfikii. Una shida gani wewe?"

Alicheka, lakini hakucheka sana.

Alisema kweli. Nikinyamaza Alhamisi, kazi ya baba yangu itabaki ikionekana na ya baba yake itafunikwa. Nikisema nilichokiona, hadithi ya nyumba yetu itakatwa kwenye madirisha, na ndugu zangu hawatafurahi.

Nimekaa na jambo hili mchana kutwa. Kisha, nilipokuwa nikivua kofia yangu iliyolowa, nikakumbuka.

Kila tulipopita na baba mbele ya benki ile, alivua kofia, akainama, akaugusa ukuta kwa kiganja. Sisi watoto tulimwiga. Tulidhani anaisalimu kazi yake.

Aliinama.

Baba alikuwa mtu mrefu. Mawe yake yalikuwa usawa wa mabega yake. Hakuwa na haja ya kuinama.

Je, alimjua mzee Kamau? Walikutana wapi? Au alimjua kwa mkono wake tu, kwa kupanga mawe yake juu ya mawe ya mtu ambaye hayupo? Hakuwahi kututajia jina. Huenda siku zile halikuwa jina la kutajwa, au huenda hakulijua, akabakiwa na ukuta wa kusalimu.

Mama Njeri sijamwambia. Nitamwambia kesho, akiwa ameketi.

Alhamisi nitaanza na mawe ya chini, kwa kuwa ndiyo baba aliyoyagusa. Kamati ikishaamua nitaandika hapa, uamuzi uwe wowote. Kabla ya hapo, msiniulize.