Mkono Uliowalisha Nguruwe

Mdogo wangu,

Salamu nitakupa ukipona. Mkeo amenipigia simu akilia: "Shemeji, nduguyo kakataa kupandikizwa mapafu, mimi kanishinda!" Eti kwa kuwa mashine iliyoyapima ilijaribiwa kwanza kwa mapafu ya nguruwe. Ukawajibu madaktari, "Najisi haiingii kifuani mwangu."

Mjinga we! Mapafu yalikuwa ya binadamu, marehemu aliyeyatoa kwa hiari yake. Yalikaa saa sita ndani ya sanduku la kioo la mashine hiyo, yakipulizwa hewa, yakijaa na kunywea, hadi ikajulikana kuwa ni mazima. Nguruwe waliifundisha mashine tu, wakafa kwa kazi hiyo. Sasa mwingine anayapumulia, nawe unahema kama mvukuto.

Nyumbani niliwaambia ninafanya kazi ofisini. Uongo. Miaka kumi na tisa ya ugenini nimewalisha nguruwe hao wa maabara, nikawaosha kabla ya kupasuliwa.

Mkono huohuo ndio unaokuandikia. Kama mashine ni najisi, basi na karatasi uliyoishika ni najisi, na umeshaigusa. Inuka uwapigie madaktari simu kabla ya Ijumaa, hawajalifuta jina lako kwenye orodha ya wanaosubiri mapafu.

Mimi kakako,
mlisha nguruwe.